Injini Iliponyamaza Mteremkoni

Mjukuu wangu Neema, mwakeye? Sisi huku Kasulu tu wazima. Bibi yako anaanika maharage.

Umeuliza kwa nini niling'ang'ania mlango wa nyuma tulipotoka Kibondo na kigari chako, kile kinachochajiwa ukutani kama simu na bado kinakunywa petroli. Milima kilipanda vizuri. Mteremkoni injini ikanyamaza.

Ujanani nikiendesha lori, kwenye miteremko nilikuwa nazima injini nibane dizeli. Siku moja, injini ikiwa imezimwa, breki zilikosa nguvu zikagoma, nikaishia kwenye migomba ya watu. Nilidhani umerithi ujinga wangu. Kumbe injini ilijizima yenyewe, na kila ulipokanyaga breki, betri ilikuwa inajaa. Wewe unabana mafuta kwa kujizuia; mimi niliyabana kwa kujiachia.

Ukija tena nitakaa mbele, ila mkono utabaki mlangoni.

Babu yako