Shemeji Hakuuma Mtu

3 Machi

Kwa mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kifua kimeachia, na wewe natumaini hujambo, unakula, na hulali na viatu. Anayeniandikia ni fundi viatu wa jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Shemeji amekufa. Wenzako wamemuua.

Jana, saa nne asubuhi, nilikuwa uani nimeinamia karai, mikono ina povu hadi viwikoni. Lango likafunguliwa bila hodi. Askari wawili, mmoja mrefu na mmoja ana kitambi, wanatafuta mwizi wa pikipiki. Mwizi mwenyewe anakaa lango la pili. Mtaa mzima unajua, hata fundi viatu anajua, na yeye haoni mbali. Shemeji alikuwa amelala juu ya gunia la sare za kituo cha polisi ninazofua, pale anapolala siku zote. Akainuka, akawakimbilia, mkia unazunguka. Unamjua alivyo na sare. Tangu mdogo analalia magunia hayo, na wewe ukija likizo na sare yako anakurukia mabegani. Kwake kila mwenye sare ni wewe.

Yule mrefu akampiga risasi tatu. Ya kwanza ilitosha. Hizo mbili alikuwa anampiga nani? Damu ikarukia mashuka ya watu niliyokwisha kuanika. Nikamwambia, "Mwanangu, umefanya nini?" Akasema, "Mama, mbwa wako mkali." Nikasema, "Mkali, huyu? Kuku wa jirani humnyang'anya chakula chake." Yule wa kitambi akatazama karatasi yake, akatazama lango, akamwambia mwenzake, "Lango lenyewe silo hili." Wakaondoka. Hata pole hawakuacha.

Sisi tulimwita Shemeji kwa mzaha, kwa kuwa alikuja kututembelea siku moja akakaa miaka sita, anakula na hajui bei ya kitu. Leo nimemzika nyuma ya tangi la maji, mzaha umeisha.

Wewe ni askari. Niambie, mtu akiingia uani mwa mtu akaua, anashtakiwa wapi?

Mkeo wa kwanza,
Bibi

9 Machi

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, huku baridi imeanza kupungua. Natumaini kifua hakijarudi.

Barua yako nimeisoma nikiwa zamu, ikabidi nitoke nje. Pole sana, Bibi. Shemeji alikuwa wangu pia. Lakini naomba unisikilize. Kazi hii si kama inavyoonekana ukiwa nje. Unaingia nyumba ya watu, mbwa anakujia mbio, hujui anakupenda au anataka nyama yako. Una nusu sekunde. Yule ndugu hakukusudia, nina hakika.

Tafadhali usiende kituoni kulalamika. Nguo za kituo hicho ndizo kazi yako tangu sijazaliwa. Na mimi jina langu limo kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwezi wa sita. Wakubwa wanajuana, Bibi. Ukikohoa huko, mimi huku naulizwa nina homa gani.

Nitakutafutia mbwa mwingine. Msalimie fundi viatu.

Mjukuu wako

17 Machi

Kwa mjukuu wangu,

Sijambo. Fundi viatu amepokea salamu. Anasema barua yako ilimkwama kooni wakati wa kunisomea, ikabidi anywe maji.

Nusu sekunde. Mimi nimelea watoto watano na wajukuu wanane kando ya sufuria za maji yanayochemka. Nusu sekunde nimekutana nazo nyingi kuliko wewe na kituo chako kizima, na sijamuua mtu. Mleta gesi anaingia lango hili. Msoma mita anaingia. Shemeji aliwakimbilia wote, hawana bunduki, na wote wako hai wanadai hela zao.

Nimekwenda kituoni. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa nane. Mama wa mapokezi ananijua, mimi ndiye ninayemtolea madoa ya wino. Akanisomea ripoti kwa sauti ya chini. Imeandikwa kwamba mbwa mkali asiyefungwa alimshambulia askari, akamng'ata mguu wa kulia na kumchania suruali.

Sasa kaa chini. Ijumaa ile, siku nne baada ya kumuua, gunia la kituo lilikuja kama linavyokuja kila Ijumaa. Hakuna aliyefikiri. Nikamwaga nguo nizichambue, ikaanguka suruali ya yule mrefu. Damu imekauka kuanzia goti hadi upindo, na ndani ya damu nywele za Shemeji zimeganda. Wameniletea damu ya mbwa wangu niifue. Nikaigeuza nje ndani, nikaiinua juani, nikaitazama mshono kwa mshono. Mguu wa kulia hauna tundu. Wa kushoto hauna tundu. Hata kifungo hakijalegea.

Sijaifua. Imo sandukuni chini ya blanketi. Malalamiko nimepeleka kwenye kamati yao, fundi viatu kaandika, mimi nimeweka dole gumba. Kikao ni tarehe tisa mwezi ujao.

Nakutaka wewe. Mimi sisomi namba zao, kwa hiyo kila askari nimempa uzi wake ndani ya kiuno cha nguo. Mkuu wa kituo uzi wa kijani, mama wa mapokezi manjano umevuka bluu, yule mrefu nyuzi mbili nyekundu. Tunaozijua ni watu wawili duniani, mimi na wewe uliyezishona ulipotoka shule, ukilalamika sindano inakuchoma. Nikisema mimi, wataniona kikongwe asiyejua herufi anayejisemea lolote. Ukisema wewe, askari mwenzao, hawana pa kukwepea. Njoo useme jambo moja tu: nyuzi mbili nyekundu ni za nani.

Bibi

28 Machi

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Hali yangu si mbaya. Natumaini unalala vizuri.

Mkuu wangu wa huku aliniita ofisini jana. Akafunga mlango, akanikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Amepigiwa simu kutoka kituo cha huko. Wamehesabu nguo wakaona suruali moja haijarudi, na wanajua iko kwako. Hakunitisha, Bibi. Aliongea kama baba. Alisema suruali irudi ikiwa safi, malalamiko yafutwe, na wewe utaongezewa nguo za vituo viwili vingine. Halafu akaiweka ile orodha ya vyeo mezani, akawa anaipangusa vumbi ambalo halipo.

Shemeji amekufa, hatarudi hata tukishinda. Mimi niko hai na bado nina miaka ishirini ya kufanya kazi na watu hawa. Naomba uifue tu. Maji na sabuni, mambo yaishe.

Mjukuu wako

3 Aprili

Kwa mjukuu,

Barua ya mkuu wako imefika. Nimeona safari hii ameazima mkono wako kuandikia.

Maji na sabuni usinifundishe. Shule umesomea kwenye povu, na hiyo sare ya kwanza uliyovaa niliipiga pasi mimi, usiku wa kuamkia gwaride lako, nikilia kama mjinga kwa furaha. Nilidhani nimemtoa nyumbani mtu.

Leo Ijumaa. Gunia halikuja. Mikono imepumzika, inanishangaa.

Tarehe tisa, saa tatu. Jengo la kijivu nyuma ya posta. Nitakuwa kwenye benchi.

Bibi

10 Aprili

Kwa askari,

Hali yako sikuulizi. Jana nilikuona, una afya, na shingo imenenepa.

Nilipokuona mlangoni niliinuka. Fundi viatu akaninong'oneza, "Si nilikwambia atakuja?" Nikafungua suruali juu ya gazeti mbele ya wale watu watatu, nikawaonyesha damu, nikawaonyesha mguu usio na tundu, nikageuza kiuno nikawaonyesha nyuzi. Mwenyekiti akanisikiliza vizuri, hilo sitalificha. Akakugeukia akasema, "Askari, inasemekana alama hizi unazijua. Hii ni ya nani?"

Ukaitazama meza. Ukasema, "Sikumbuki vizuri, mheshimiwa."

Akakuuliza tena. Ukasema ni zamani sana.

Yule mrefu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Ulipomaliza, akaivaa. Nje akakugonga bega, na wewe ukamwacha akugonge.

Umepanda basi saa sita nzima ili uje usahau. Ungesahau huko huko, ungeokoa nauli. Na mimi ningebaki na mjukuu ambaye hakuja, maana huyo ningeweza kumsemea uongo kwa majirani, niseme alinyimwa ruhusa. Huyu aliyekuja nimseme nini? Mtaani wananiuliza, nawaambia mjukuu wangu anaumwa kumbukumbu, na hana hata miaka thelathini.

Shemeji alikufa kwa kumpenda mtu kwa ajili ya sare. Jana kwenye lile benchi nikaona mimi na mbwa wangu tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Sikufukuzi. Hapa ni kwenu, sahani yako ipo kabatini na hakuna mwingine anayeitumia. Lakini kabla hujaishika utasimama mbele yangu ukumbuke. Kabla ya hapo usiniandikie habari za baridi.

Fundi viatu aliniomba nipunguze makali. Nimemwambia ashone viatu.

Bibi

2 Mei

Kwa Bibi,

Shikamoo, kama utaipokea.

Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana. Sikutaka kukuandikia kabla sijafanya, kwa sababu nimekuwa mtu wa kuahidi.

Tarehe ishirini nilirudi kwenye lile jengo la kijivu bila kukuambia. Nilimwomba mwenyekiti karatasi. Nikaandika alama zote ishirini na moja na mwenye kila alama, kuanzia uzi wa kijani wa mkuu wa kituo. Nikaandika kwamba nyuzi mbili nyekundu ni za yule mrefu, nilimshonea mimi mwenyewe, mara ya kwanza nguo zake zilipokuja kwako. Nikaandika kwamba tarehe tisa nilikumbuka na nilidanganya. Mwenyekiti akaniuliza kama najua maana ya kutia sahihi. Nikasema najua.

Wakaagiza sare zote za kituo, wakazigeuza viuno mezani, moja moja. Zote zikalingana na karatasi yangu.

Ripoti imeandikwa upya. Inasema mbwa hakuuma mtu, askari waliingia lango lisilo lao, suruali haikuchanika. Yule mrefu amepewa onyo la maandishi. Amebaki kazini na bunduki yake.

Mimi jina langu limetolewa kwenye orodha. Nimehamishiwa kulinda mlango wa ghala. Hakuna anayekaa nami wakati wa chai. Nakueleza tu, silalamiki.

Ningependa kuja Jumapili ya tarehe kumi na saba. Sina maneno mengi, Bibi. Nitasimama mbele yako niyaseme haya kwa mdomo, halafu, kama utaniruhusu, nikae uani tu.

Mjukuu wako

8 Mei

Kwa mjukuu wangu,

Hujambo. Mimi sijambo, na barua yako nimeipokea. Fundi viatu ameisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia asome pale tu panaposema hakuuma mtu, arudie mpaka nimwambie basi. Alirudia mpaka mteja wake akaondoka.

Nguo za kituo hazijarudi wala sizitaki. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Yana mambo yake, lakini hayana bunduki.

Hao wasiokaa nawe wakati wa chai, waache wanywe. Ulilofanya ni zito na nimeliona. Ulilofanya kabla yake nalo nimeliona, na nikikuambia limefutika nitakuwa nimeanza kudanganya uzeeni.

Sasa hilo onyo la maandishi. Mtu kaingia lango lisilo lake, kaua, kaandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na adhabu yake ni karatasi nyingine. Mimi nikimuunguza mtu shati, namlipa shati. Kesho ataingia lango la mama mwingine, na mama huyo hafulii kituo, hana gunia litakalomletea suruali. Nimelala na hili siku tatu na limekataa kuniacha. Fundi viatu anasema juu ya kamati ile ipo ofisi nyingine, ghorofa ya tatu, na huko wanasikiliza wakitaka. Tutawafanya watake.

Kwa hiyo usije Jumapili, Jumapili wamefunga. Njoo Jumatatu, uwe hapa saa moja kamili. Mkuu wako wa ghala akikuuliza ruhusa ya nini, mwambie nyumbani tulifiwa mwezi wa tatu na bado hatujamaliza.

Bibi yako