Balbu Ulizoniagiza

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujauliza, mimi mzima, nakula, nalala, na kucheka nacheka panapochekesha. Natumai nawe hujambo, shemeji hajambo, na yule mtoto wenu aliyekuwa akiota meno sasa amewaruhusu mlale. Mama naye yupo salama. Nyonga bado inamsumbua anapoinuka kitini, ila mdomo wake haujambo kabisa. Jana alinigombeza mara tatu hata chai sijamaliza.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema taa za basi lako siku hizi ni hafifu, barabara unaiona kama imefunikwa na moshi, ukaniagiza nikununulie zile balbu nyeupe nilizofunga kwenye gari la mikate, zile nilizokutambia kwamba zinageuza alfajiri kuwa mchana. Ukauliza mara ya pili, ukauliza ya tatu, mimi kimya. Najua ulidhani kaka yako ana choyo. Sivyo. Kwenye simu wewe hunikatisha na mimi hupandisha hasira, tunaishia kubishana habari za mpira. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha. Kwa hiyo tafadhali kaa chini, usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali unataka kuichana.

Nianze na hizo balbu. Nilizinunua baada ya ajali yangu na mama. Unaijua habari yake kama nilivyokusimulia: jioni, namrudisha mama kutoka kliniki, gari likatoka barabarani kwenye kona ya kiwanda cha matofali, tukaingia mtaroni, mama akavunjika nyonga. Nilikwambia wewe, na nikamwambia kila aliyekuja kutupa pole, kwamba dereva wa gari la maziwa alitokea mbele yetu amewasha taa za juu, akagoma kuzishusha, akanipofusha. Nawe hukungoja. Ulifunga safari, ukaenda moja kwa moja kwa tajiri wake, ukapiga meza mpaka yule mtu akafukuzwa kazi. Nitarudi hapo. Siikimbii habari hiyo, ila naomba niende nayo taratibu.

Basi, mama alipotoka hospitali mimi nilirudi kazini na hofu. Unajua mikate inataka kuwa madukani kabla watu hawajaamka, kwa hiyo saa kumi alfajiri mimi nimo barabarani. Nikaona giza limezidi. Nikaona taa za gari hazinifai kitu. Muuza vipuri mmoja akanionyesha balbu nyeupe, akaniapia kwamba nikizifunga hata sindano iliyoanguka njiani nitaiona. Nikazinunua, nikazifunga mwenyewe uani mwa bekari, sikumwita fundi, maana wewe wanijua, mimi kila kitu najua. Asubuhi ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Wenzangu barabarani ndio hawakufurahi. Kila gari lililokuja mbele liliniwashia na kuzima, kunikumbusha nishushe taa, na mimi nilikuwa nimeshashusha! Nikawa nawajibu kwa matusi. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka kabisa, akasimama pembeni ameziba uso kwa mkono mpaka nilipopita. Nikamcheka. Jamani, nyani haoni kundule.

Malalamiko yakamfikia tajiri wa bekari. Akaniita, akasema mwenye duka mmoja amemwambia kwamba gari letu litaua mtu, na kwamba ama nizing'oe balbu zile ama nilipeleke gari kwa fundi anayejua. Nikaenda nimenuna kwa Mama Nyaya, yule fundi wa umeme wa magari mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Humjui, alihamia huku baada ya wewe kuondoka. Mama mnene, mpole wa mikono na mkali wa maneno. Aliinama mbele ya gari, akawasha, akazima, kisha akaniuliza nani amefunga uchafu ule. Nikasema ni fundi mmoja amehama. Akasema afadhali amehama.

Akanieleza kwamba taa ya mbele si balbu peke yake. Kuna kioo cha nje na kuna bakuli la ndani linalourudisha mwanga, na bakuli lile limetengenezewa balbu ya aina yake. Ukitia nyingine yenye nguvu isiyolingana nalo, ni kama kumimina ndoo ya maji kwenye kikombe: yanayozidi hayapotei, yanawamwagikia wenzako. Mwanga unapanda juu, unaingia machoni mwa watu, na barabara yenyewe haipati wa maana. Akanionyesha kioo changu kilivyoota umanjano, akakisugua kwa msasa wa maji na dawa ya kung'arishia mpaka kikarudi kuwa kioo. Akafuata waya wa taa unaofungwa kwenye bodi ya gari, akaukuta umeota kutu, akaukwangua. Akafunga balbu mpya, nzuri, za aina ileile iliyotoka na gari. Nilipowasha mwenyewe nilishangaa. Mwanga ulikuwa mwingi na umetulia.

Akasema bado. Taa ikishaguswa, lazima ipimwe ukutani. Jua lilikuwa linazama. Tukalipeleka gari nyuma ya gereji, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, sakafu yake imesawazishwa kwa kazi hiyo. Akapima upepo wa magurudumu, akahesabu hatua kumi kutoka ukutani, akachora kwa chaki alama mbili sawa na kimo cha taa zangu, akanikalisha kwenye usukani ili gari libebe uzito wake wa kila siku. Akawa anazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka ukingo wa mwanga ukashuka chini ya chaki kiasi cha kiganja. Akasema pale ndipo mahali pake: mimi naona njia, na anayekuja anabaki na macho yake.

Ningeshukuru nikaondoka. Lakini kichwa changu hiki! Nikaanza kulalamika kwamba katikati sawa, ila pembeni bado giza, taa hazifiki. Akasema zinafika. Nikasema hazifiki. Tukabishana kama watoto. Mwishowe akaniambia nikaze macho kwenye alama ya chaki iliyo mbele yangu, nisigeuze shingo, yeye atatembea kando ya ukuta, na nimwambie anapotoka kwenye mwanga. Akaanza kutembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatoweka. Nikasema kwa ushindi kwamba si unaona, umeshaingia gizani. Nikapaza sauti nikimuuliza amekwenda wapi. Akajibu taratibu kwamba hajaenda popote, amesimama palepale ukutani, na mwanga wa taa yangu unampiga tumboni.

Nikageuza shingo. Kweli, alikuwa pale, mtu mzima mwenye ovaroli ya njano, anang'aa kama ukuta wenyewe.

Ndugu yangu, tulirudia upande wa pili, mambo yaleyale. Alikuja dirishani, akazima taa, akachomoa ufunguo wa gari na kuutia mfukoni mwake. Akasema taa za gari yeye anaziweza, ila za kichwani mwangu hana skrubu zake. Siku nyingine ningecheka. Nilimtukana, nisikufiche. Nilimwambia anirudishie ufunguo wangu, na yeye akapiga simu bekari, akamwomba tajiri atume mtu mwingine aje kulichukua gari.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari wa macho, akanikalisha nusu siku. Ugonjwa unaitwa presha ya macho. Hauumi, hauwashi, hautoi machozi. Unakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, na unakuachia katikati ili usishtuke. Gizani na mbele ya taa kali ndipo unapokusumbua zaidi. Kilicholiwa hakirudi. Nimepewa dawa ya matone, ya kutia kila siku maisha yangu yote, ili nibakiwe na hiki nilicho nacho. Kuendesha gari, basi tena. Siku hizi nipo ndani ya bekari, nafunga mikate kwenye karatasi na wale kina mama, wananiita Dereva kwa utani, na mimi nacheka nao, halafu naenda chooni kulia. Nimeendesha miaka ishirini na miwili.

Daktari aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani. Nikasema hapana. Kisha nikamkumbuka baba. Si unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka, miaka yake ya mwisho, akigombana na wauza duka kwamba balbu za siku hizi ni za wizi, hazina mwanga? Alivyokuwa akipita mlangoni na kukwaruza bega? Tulisema ni uzee. Daktari akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, baba kwa mwana, na ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe bila kuchelewa. Ndugu zangu wa tumbo moja ni wewe peke yako. Na wewe ndiye uliyeniandikia kwamba taa za basi hafifu, na barabara ina moshi, na kwa kucheka ukaongeza kwamba umegonga nguzo ya geti la kituo mara mbili mwezi huu. Nilisoma tena ujumbe huo nje ya hospitali, nikakaa chini kwenye ngazi.

Sasa narudi kwenye ajali.

Dereva wa gari la maziwa alishusha taa. Alizishusha mapema, mbali, kama inavyotakiwa. Niliona kwa macho yangu haya haya. Hakunipofusha. Nilikuwa natazama mbele, na ukingo wa barabara ulikuwa umeshapotea kwangu. Sikujua kama kuna ukingo. Mama aliuona. Alipiga kelele, akanishika mkono, nikamwambia aache woga. Nasi tukatumbukia. Watu walipofika kutuokoa, wa kwanza alikuwa yuleyule dereva wa maziwa, alisimamisha gari lake akaja mbio, ndiye aliyembeba mama mgongoni kumtoa mtaroni. Na mimi, mbele yake, nikamnyooshea kidole. Niliogopa kazi yangu. Niliogopa kuitwa mtu aliyemvunja mama yake mwenyewe. Mama alinitazama, akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo kwa ajili yangu. Kisha wewe ukaenda kupiga meza, kwa neno langu, na mtu mwenye watoto wanne akakosa kazi. Hukukosea wewe. Nilikukosesha mimi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Anauza mkaa. Nilimweleza yote, nimesimama, hakunikaribisha kukaa na sikustahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama anaendeleaje, halafu akafunga mlango. Kwa tajiri wake pia nimekwenda na nimesema mbele ya makarani. Kama atamrudisha, sijui. Nakuomba radhi wewe pia, maana nilikutuma ukafanye dhambi yangu bila wewe kujua.

Kwa hiyo balbu sizinunui. Hata taa za basi zikiwa na ubovu kweli, fundi wa kampuni yenu yupo, azipime ukutani. Wewe kapime macho. Daktari ameniapia kwamba anayewahi hutia matone yake na kuendelea na kazi yake miaka mingi. Mimi nilichelewa kwa sababu ya kiburi. Wewe huenda hujachelewa.

Bado kuna moja, nalo litakuuma kuliko hayo yote. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliituma siku tatu zilizopita, kwa meneja wa mabasi yenu. Nimemweleza kuhusu macho yangu, na ya baba, na nguzo uliyoigonga mara mbili, na nimemwomba asikupe basi mpaka daktari atakapokuangalia. Niliitanguliza makusudi, ili hii ikikufikia usiweze kumuwahi. Utasema nimekuchongea. Ndiyo, nimekuchongea. Nakujua kwa kuwa najijua: ungeisoma hii, ungenionea huruma, ungejifuta machozi, na jioni ungepanda basi ukaondoka na abiria sitini. Nichukie ukiwa mzima. Usiponiandikia mwaka mzima nitaelewa, nami nitaendelea kukuandikia.

Msalimie shemeji na umbusu mtoto. Jirani zetu wote wanakuulizia. Mama anakusalimu sana; amekaa hapa kando yangu nikiandika, na ananishurutisha nikwambie kwamba barua ya meneja ameitunga yeye, mimi nilishika kalamu tu. Usimwamini. Anataka hasira zako zimwangukie yeye, kama kawaida yake. Nimeiandika mimi, peke yangu, yeye akiwa amelala.

Ni mimi, kaka yako akupendaye.