Picha za Vientiane

Anderlecht, Jumapili

Wamenicheka! Wenzetu wa kanisani walikuja leo kuona picha za safari yetu ya Laos. Mmoja wao, Maman Béa, akanigeukia: "Papa, hizi foto zote ni weye ulipiga?"

Mke wangu akanitangulia: "Yeye? Alibaki mu hoteli, anapigana na batu mu telefone."

Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Ni kweli. Tulikuwa na siku mbili tu Vientiane, mabegi mgongoni kama vijana, safari ambayo mke wangu aliingoja tangu watoto wakiwa wadogo. Siku hizo nilizimaliza kitandani nikimjibu mjinga mmoja aliyeponda makala yangu mtandaoni. Mke wangu alikwenda mtoni peke yake kula samaki wa kuchoma. Katika picha anamtabasamia mpita njia aliyeshika simu yake kumpiga picha.

Wageni walipoondoka akasema mwakani atarudi kule na dada yake.

"Mi pia nitakuya," nikamwambia.

"Kuya kufanya nini?"

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kweli, akasimama na vikombe mkononi akingoja jibu. Kisha akaenda kuviosha.