Mkono wa Jaketi Uliomo Kwenye Ndoo

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wavae soksi kavu, usiwape za jana eti zitakaukia miguuni.

Jaketi jipya la manyoya ulilonipa jana nimeliacha kitini, na lebo yake. Ulisema eti ni lilelile kama la zamani, ila limeboreshwa. Limeboreshwa wapi? Leo asubuhi natia mikono mifukoni, kumbe mifuko imeshonwa, ni ya urembo! Mimi ni mkunga. Nikifika wodini napasha mikono mfukoni kwanza, ndiyo nimshike tumbo mama wa watu. Sasa niipashe wapi, kwenye lebo?

Nikatafuta la zamani. Nimelikuta bafuni, mkono mmoja umeukata, umeufanya tambara, uko kwenye ndoo ya kudekia! Eti limepauka na viwiko vimeisha. Ulipokuwa na homa ukijifunika hilohilo hadi puani, hukuviona viwiko?

~~Rudisha jipya dukani.~~ Usirudishe. Livae wewe, ukapige nalo picha.

Nimeondoka na la zamani, mkono mmoja wazi. Wanaocheka na wacheke, mifuko yote miwili ipo. Huo wa kwenye ndoo ufue kwa sabuni, uuanike, nitaushona nikirudi. Wewe usiguse sindano.

Halafu nijibu jambo moja. Na mimi nimepauka, na viwiko vyangu vimeisha. Ndoo yangu umeshainunua?

Mama watoto