Oili ya Lori kwenye Trekta Yangu ya Nyasi

Alhamisi. Isiolo kumepauka. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limejaa kwenye masufuria, kwenye nywele, na nikisema ukweli, hata moyoni. Leo nina roho mbaya, shajara. Usiniombee. Niache nayo kidogo.

Trekta yangu imekufa.

Si trekta ya kulima. Ni ile ndogo nyekundu ya kukata nyasi, yenye kiti kimoja, aliyoninunulia marehemu mume wangu tulipoanza kukodisha bustani yetu kwa harusi. Mji huu una vumbi la kugawia majirani, kwa hiyo mtu akiona nyasi za kijani anataka kuolewa juu yake. Tangu mume wangu afariki, bustani hii ndiyo inayotulisha mimi na binti yangu Ubah. Bustani ikifa, nitakula kwa mkono wa shemeji.

Shemeji mwenyewe ni Jama, mdogo wa marehemu. Ana malori ya kubeba ng'ombe na hana pa kuyalaza. Kila akija hapa macho yake yanapima nyasi zangu, lori hili likae wapi na lile wapi. Tena ana neno lingine. Kwetu shemeji anaweza kumuoa mjane wa ndugu yake, na nawajua waliooana hivyo wakaishi kwa heshima. Mimi sitaki. Jama hajaniuliza kama nataka. Ametuma habari tu kwamba kesho, baada ya swala ya Ijumaa, wazee watakuja kusikia jibu langu.

Na Jumamosi nina harusi hapa bustanini.

Ndiyo maana leo nilitaka trekta iwe tayari. Asubuhi nilimwaga oili ya zamani, nikaenda duka la spea. Muuzaji alinionyesha mtungi wa oili ya lori, eti jua la Isiolo linataka oili nzito. Nikamwambia injini hii ni ndogo, haina maji ya kuipoza, inapozwa na upepo tu. Stika iliyo chini ya kiti inasema kwenye joto iwekwe oili ya namba thelathini, isiyozidi lita mbili. Alinitazama kama mbuzi aliyeomba chai. Nikasimama pale mpaka akaileta. Nilirudi nyumbani nikijisikia mjanja, nikaiweka chupa kwenye kiti cha trekta, nikaingia ndani kuswali adhuhuri.

Sasa nieleze kidogo kuhusu ukoo huu nilimoolewa. Hawa ni watu wa malori tangu babu zao, na kwao oili haitupwi. Ikitoka kwenye lori inahamia jenereta. Ikitoka jenereta inapakwa bawaba za geti, na mwisho inapakwa nguzo za ua ili mchwa wasizile. Kila kitu kina cheo chake, na kilicho chini hupewa kilichochakazwa na cha juu.

Nadhani hata mimi nimepangiwa cheo.

Nilipomaliza kuswali nilitazama dirishani. Jama alikuwa amekuja na madereva wake, midomo yao imejaa miraa, na mama mkwe wangu amekaa kwenye mkeka kivulini. Jama alikuwa ameinama juu ya trekta yangu na galoni ya oili nyeusi iliyotoka kwenye lori. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa leso yangu niliyoianika kwenye kamba, akakitumbukiza, akakitazama. Akamimina tena. Akafuta, akatazama, akamimina mpaka galoni ikaisha.

Nilicheka peke yangu. Nikasema moyoni, tazama huyu mjuaji, ameshika usukani tangu ujana na hajui kusoma kijiti.

Nikatoka nje mbio. Nikamwambia imezidi, aimwage, oili ya trekta ile pale kwenye kiti haijafunguliwa. Hakunitazama. Alisema, "Mama Ubah, wewe jua chapati. Mashine haikatai oil." Madereva wakaangua kicheko. Mama mkwe akasema, "Wacha mwanaume afanye kazi yake." Na alisema hivyo kwa upole, maskini, akidhani ananisaidia.

Jama akapanda, akawasha, akaanza kukata. Trekta ilienda kama iliyolewa. Ukatoka moshi mweupe, mzito, hata mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. Nikapiga kelele azime. Akakanyaga zaidi. Kitu kikagonga ndani, mara moja tu, kwa nguvu, kisha kimya. Nyasi zimekatwa upande mmoja tu. Bustani yangu sasa inafanana na kichwa cha mtu aliyemtoroka kinyozi.

Jama alishuka polepole. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Nilijua hii bustani itakushinda, shemeji. Wacha tu malori ilale hapa." Kisha wakaondoka zao.

Nimelia. Naandika hivyo bila aibu. Nimelia nimeegemea gurudumu, kwa sababu mume wangu alikuwa akikaa kwenye kiti kile jioni hata kama hakuna nyasi za kukata.

Halafu nikaenda kuanua nguo, nikaiona leso.

Ina mistari myembamba myeusi, yenye upana wa kijiti, mmoja kando ya mwingine. Hapo machozi yakakauka. Mtu asiyejua oili hafuti kijiti. Anayefuta amepima, na Jama amepima, akaona imejaa, akaendelea kumimina. Malori yake hajawahi kuyazidishia oili hata siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki cha kwangu kilikuwa kinajifutia mikono kwenye nguo yangu.

Harusi ya Jumamosi itakuwepo. Nimeshaongea na kina mama wa mtaa wenye mbuzi. Kiangazi hiki nyasi ni dhahabu, watakuja na mafyekeo alfajiri, wakate na wabebe.

Lakini kesho ni ya Jama. Wazee wanaokuja wote ni watu wa malori. Kuna ambao hawawezi kusoma gazeti, ila kijiti cha oili wanakisoma. Oili iliyomo kwenye trekta sijamwaga hata tone. Nitawapa chai, kisha nitamwomba shemeji, kwa adabu zote, achomoe kijiti awasomee. Akisema hakujua, basi ni mwenye malori asiyejua oili, tuone nani atampa ng'ombe wake awabebe. Akisema alijua, ameiua mashine ya ndugu yake marehemu mbele ya mama yao mzazi. Achague mwenyewe. Jibu langu la ndoa nitalitoa akiwa bado anafikiria.

Najua mama mkwe ataumia, na hilo tu ndilo linaloniuma. Mengine yananipa raha, na siionei aibu raha hiyo.

Leso sitaifua. Nitaitandika chini ya sinia ya chai, upande wenye mistari ukimwelekea Jama.