Siku Kumi za Kurudi Nyuma

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Niwie radhi, daftari. Tangu Pasaka sijakugusa. Sina udhuru – nilikuwa naiandikia kompyuta, nayo sasa inanitisha. Kila ninapoiwasha inatangaza kuwa Windows 10 yake itaacha kulindwa tarehe 14. Adela, mwanafunzi wangu wa zamani mwenye duka la kompyuta Bombambili, amethibitisha. Atanihamishia toleo jipya Alhamisi. Sharti moja tu: nisiguse kitu hadi afike.

Mke wangu Monika amesema Adela ananifahamu vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimegusa.

Maelekezo ya kuhamia toleo jipya yalikuwa wazi, na mimi najua kusoma. Niliulizwa: nitunze faili na programu, faili tu, au nisitunze chochote? Masista walionifundisha walitukataza kujipakulia zaidi ya tunachohitaji. Nikachagua la katikati. Faili tu. Kwa saa mbili nzima nilijiona mtu wa kiasi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Adela alifika, akaniamkia, akaketi, akaanza kufungua faili moja baada ya nyingine.

Kamusi ipo! Maneno yote ya Kingoni niliyoyakusanya kwa marehemu mama, elfu moja mia moja na arobaini. Ila programu ya kuyafungua imefutwa, na marehemu kaka yangu Egidi, aliyeiweka, hakuacha diski. Ni kihenge kilichojaa nafaka, hakina mlango.

Adela anasema ninazo siku kumi za kurudi kwenye toleo la zamani. Kamusi itafunguka. Lakini kompyuta itabaki bila ulinzi, nisiiunganishe tena na intaneti. Programu ile ni kongwe: toleo jipya haliitaki, nayo haiwezi kuhamisha maneno yake kwenda kwingine.

"Mwalimu," alisema akiwa mlangoni, "sisi ulikuwa unatuchapa kwa kutosubiri maelekezo."

Nakumbuka. Yeye nilimchapa mara mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mwaka juzi, nilipomaliza kuyaingiza maneno yale, nilimpa Monika madaftari yangu ya mkono akawashie moto. Leo amepanda kwenye kichanja cha jikoni, juu ya mafiga, anapotundika mahindi ya mbegu yapate moshi. Ameshuka na kifurushi cheusi. Madaftari yote manne! Mchwa hawakuyaona, panya hawakuyataka.

Nilimuuliza kwa nini hakutii. Akasema mbegu haichomwi kwa sababu tu mtu ameshavuna.

Nimepiga chafya hadi mchana.

Jumanne, 14 Oktoba
Tunaandika upya – kujaribu tu. Monika anasoma, mimi nabonyeza. Maneno thelathini na moja. Tisa amenisahihisha. Yeye alikulia katika Kingoni. Mimi nilikulia bwenini.

Neno moja nililieleza kuwa ni manyunyu.

"Hayo si manyunyu, Baba Pamela. Ni ile mvua inayomdanganya mtu apande."

Mama aliniambia hivyohivyo. Nilikuwa na haraka ya neno lililofuata.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kesho ni siku ya kumi. Adela amepiga simu: turudi au tusirudi? Tukirudi, jioni ninayo maneno yote, pamoja na makosa yangu. Tusiporudi, Monika anakadiria kuwa kwa mwendo wa vidole vyangu tutamaliza Krismasi – tusipopumzika hata Jumapili.

Nimemwambia Adela asubiri. Ameniuliza kama ni mimi kweli ninayesema.

Nikishaamua, utakuwa wa kwanza kuandikiwa. Sasa siwezi. Monika amekwishasogeza kigoda chake, anafuta miwani. Tuko neno la sitini na nne, na anasema hilo nalo sivyo.