Mayai Yote ya Nyumba Hii

Mama,

Miezi minne imepita tangu tukuzike kibanjani, kwenye migomba nyuma ya jiko. Mimi bado nafundisha kemia Bukoba. Kahawa yako imevunwa na kupelekwa chama cha ushirika. Koku, binti yako, ana mimba ya miezi saba, na nakuandikia kwa ajili yake, kwa sababu alikataa kula mayai, na aliyemfanya akatae ni mimi.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya kisomo cha watu wazima katika ghala la kahawa. Mwalimu wenu aliniomba nizungumze juu ya chakula, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya biokemia ambayo hakuna mtu kijijini aliyeachwa bila kutajiwa. Nilisema kwamba mwiko wetu Wahaya wa kuwanyima wanawake mayai ni ujinga wa kurithi. Kisha nikakunyooshea kidole: "Mama yangu yule pale hajaonja yai maishani mwake. Ndiyo maana husahau leo herufi alizofundishwa jana." Watu walicheka. Nawe ulicheka nao. Tukarudi nyumbani pamoja mpaka uani. "Mwanangu," ulisema, "mayai yote ya nyumba hii uliyala wewe."

Mimi nilichokuwa nacho ni fosfolipidi tu, maana hoja yangu yote niliijenga juu yake, na ninapaswa kukueleza sasa kwa adabu niliyoikosa siku ile. Ni aina ya mafuta. Katikati kuna gliseroli. Upande mmoja imeshika mikia miwili ya asidi za mafuta, upande mwingine kichwa cha fosfati, ambacho mara nyingi hubeba kitu kiitwacho kolini. Kichwa hupenda maji; mikia huyakimbia. Ndani ya maji chembe hizo hujipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje, mikia ndani, na safu hizo ndizo utando wa kila seli ya mwili: huzuia, hupitisha, hupokea habari. Kiini cha yai kina wingi wa aina mojawapo, lesithini. Hapo ndipo niliporuka hatua na kudai kwamba asiyekula yai ubongo wake hudhoofika.

Haikuwa kweli, Mama, nami nilijua. Katika mtihani wa mwisho nilijaza kurasa mbili nikieleza jinsi mwili unavyojitengenezea fosfolipidi, hasa ndani ya ini, kwa mafuta ya karanga, ya maharage, ya dagaa wa Kemondo. Hata lesithini ya yai huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kutumika. Wewe, bila yai hata moja, ulikuwa nayo kichwani kama mimi. Herufi ulizisahau kwa sababu ulianza kusoma ukiwa na miaka hamsini, baada ya kupalilia tangu alfajiri. Lakini hoja fupi ilikuwa imepigiwa makofi, nikanyamaza. Kisha homa ile ikakuchukua kabla sijakiri.

Muuguzi wa kliniki alimwagiza Koku ale mayai, maana amekonda. Koku akamjibu, "Kilichofanya mama yangu achekwe hakiingii kinywani mwangu." Nilipanda basi hadi kwetu Muleba kwenda kubishana naye. Nilimweleza kwamba mapafu ya mtoto tumboni ndiyo kwanza yanaanza kutengeneza lesithini yao, ile inayozuia vifuko vya hewa visigandane anapovuta pumzi ya kwanza; haitoki katika yai moja kwa moja, lakini mtoto hujijenga kwa chakula cha mama yake. Alinisikiliza akimenya ndizi.

"Kwa hiyo mama hakuwa mjinga?"

"Hakuwa."

"Mimi nilijua. Wa ghalani ndio hawajui."

Jumamosi nikasimama tena ghalani, Koku ameketi nyuma kabisa. Jirani yako Ma Yustina hakunihurumia. "Mwalimu, leo yai limekuwa nini tena? Au na wewe umesahau herufi?" Walicheka kuliko siku ile. Nilingoja wamalize, nikasema kwamba nilidanganya juu ya mama yangu, nikaeleza kazi ya ini kwa Kiswahili, na kiliponikwamia, kwa Kihaya. Niliongeza, kwa sababu unanijua, kwamba mwiko wenyewe bado ni dhuluma: mjamzito anastahili yai kuliko kijana aliyerudi likizo. Ma Yustina alisema, "Hilo ungelisema mwanzo."

Jana, tulipotoka misa, Koku alichemsha mayai matatu. Alikula mawili mbele yangu, taratibu. Akalitazama la tatu, akalimenya.

"Leo hakuna lako," akasema, akalila.

Nakuaga hapa, Mama. Likizo ijayo nitakuja kupalilia migomba inayokuzunguka. Na mtoto wa Koku akiwa msichana, naahidi kuwa wa kwanza kumkaangia yai, bila hotuba.

Mwanao,
Kamugisha